Ruzuku ya Nishati ya Kupikia: Mtungi wa Kwanza Hautoshi

Moshi wa kuni hubeba chembechembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto mdogo huongeza hatari ya nimonia. Kwa mtu mzima huchangia kiharusi, maradhi ya moyo na ugonjwa sugu wa njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kwa hiyo, ruzuku ya nishati ni suala la tiba na kinga pia.

Hata hivyo, ruzuku hazifanani. Inayoshusha bei ya mafuta kwa wanunuzi wote humfaidi zaidi anayetumia zaidi, yaani mwenye gari, kuliko anayenunua mafuta ya taa kwa chupa. Inayoelekezwa kwa kaya maskini humfikia mlengwa, ila nayo ina mtego wake.

Mfano ni India. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ujjwala, na kufikia Septemba 2019 wanawake milioni 80 wa kaya maskini walikuwa wameunganishwa na huduma ya gesi. Lakini wengi walishindwa kumudu kujaza mitungi mara kwa mara, wakaendelea kuchanganya gesi na kuni. Mwaka 2022 serikali iliwaongezea walengwa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi uliojazwa. Mwaka 2023 ikafikia rupia 300.

Funzo hilo linaihusu Tanzania, ambako Wakala wa Nishati Vijijini huuza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na taifa limelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtungi ni kama dozi ya kwanza: usipojazwa tena, moshi hurudi na madhara yake huendelea.

Kwa mhudumu wa afya, basi, haitoshi kumwuliza mgonjwa anayekohoa kama ana jiko la gesi. Amwulize alijaza mtungi lini, na wiki hii alipikia nini. Kaya isiyomudu gesi ishauriwe kupikia mahali penye hewa ya kutosha, kutumia kuni zilizokauka na kuwaweka watoto mbali na moshi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala: hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.