Fahamu: Jinsi steroli za mimea zinavyopunguza kolesteroli

Steroli zimo katika kila mmea, na kwa umbo zinafanana mno na kolesteroli. Ufanano huo ndio siri ya kazi yake: zikifika kwenye utumbo mwembamba hugombea nafasi ya kufyonzwa, na kolesteroli iliyokosa nafasi hutoka na choo. Ini likipungukiwa, huvuta kolesteroli zaidi kutoka kwenye damu. Tafiti nyingi, hasa tangu Finland ilipoanza kuuza majarini yenye stanoli, ndugu wa steroli, mwaka 1995, zinaonyesha kwamba gramu 2 za steroli au stanoli kwa siku hushusha kolesteroli mbaya, LDL, kwa takriban asilimia 8 hadi 10.

Wapo watakaosema kwamba basi karanga, ufuta na maharage vinatosha. Havitoshi kwa kiwango hicho, kwa kuwa mlo wa kawaida huleta takriban miligramu 200 hadi 400 tu. Gramu 2 hupatikana katika vyakula vilivyoongezewa steroli. Hata hivyo, vyakula hivyo vya asili vina nyuzinyuzi na mafuta yasiyoganda, ambavyo navyo huulinda moyo. Wengine huhoji kwamba hakuna jaribio lililothibitisha kuwa steroli zenyewe hupunguza mshtuko wa moyo. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu steroli hazipaswi kuchukua nafasi ya dawa. Kama umeandikiwa statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, usiache kuzitumia. Boresha mlo wako sambamba nazo, na zungumza na daktari kabla ya kununua virutubisho.