Ndege za Majini (4): Maji Nayo Huua

Moto ulipopanda Kilimanjaro Oktoba 2020, ukarudi tena Oktoba 2022, zilisikika sauti za kutaka ndege za kuchota maji. Hapa Tukuyu nasikia hoja hiyo hiyo: tuna ziwa Ngosi, tuna ziwa Masoko, na Ziwa Nyasa liko chini yetu. Aliyefuata makala zilizotangulia anajua nizipendavyo ndege hizi. Ndiyo maana sina budi kusema kwamba huua hata pasipo moto.

Machi 2004 Canadair ya Ufaransa ilianguka katika ziwa la Sainte-Croix ikiwa mazoezini, ikaua. Kazi yenyewe ni ya hatari. Canadair CL-415 hugusa maji kwa mwendo wa takriban kilomita 130 kwa saa, na ndani ya sekunde 12 hubeba lita zaidi ya 6,000. Uzito wa tani 6 huingia rubani akiwa bado mbioni. Maji yakitulia kama kioo, jicho hushindwa kupima kimo. Magurudumu yakisahauliwa nje, au gogo likijificha chini ya uso wa maji, ndege hupinduka. Mambo haya hayafundishwi ubaoni.

Mto Dungu, kule Faradje, mashariki ya Kongo, ulilitoa somo hili mapema. Machi 1939 ndege ya majini Corsair, ya Imperial Airways, iliondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba. Ikapotea njia, mafuta yakakaribia kwisha, rubani akaitua mtoni na mwamba ukalipasua tumbo la ndege. Abiria wote walipona. Mafundi waliiziba kwa miezi, wakajaribu kuirusha, ikapiga mwamba tena! Hapo ndipo wenyeji walipofanya kazi ninayoihusudu kuliko zote katika historia ya ndege hizi: walijenga bwawa, wakauinua mto mzima, na Januari 1940 Corsair ikapaa. Vitabu vinawataja marubani na mainjinia kwa majina. Waliobeba mawe na udongo hawatajwi. Huo si uungwana.

Sasa tupime maji yetu. CL-415 huhitaji takriban mita 1,340 kushuka, kuchota na kupanda tena hadi mita 15 tu. Masoko haifiki hata mita 1,000. Ngosi ina urefu wa kilomita mbili na zaidi, lakini imezungukwa na kuta za kreta zenye msitu. Ndege iliyojaa maji itapandia wapi? Inabaki Nyasa, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mlima Rungwe, na karibu mita 2,500 chini ya kilele chake. Tena Nyasa ina mawimbi.

Na rubani akianguka mazoezini, nani atamtoa? Ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi. Watu 19 walikufa. Taifa lisilo na wapiga mbizi na boti ya uokoaji ufukweni halina haki ya kumtuma kijana akachote maji kwa ndege.

Basi tuanze na kuzuia. Mioto yetu mingi huwashwa na mikono yetu, kwa kusafisha mashamba na kurina asali. Nawaomba viongozi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mlima Rungwe, na wenzetu wa Shamba la Miti Kiwira: njia za moto zifyekwe kabla ya Agosti, na atakayewasha moto bila kibali ashtakiwe, hata akiwa ndugu yetu.