Dawa ya mbu ilikuwepo, geti likafungwa: kamati za mitaa na malaria ya Dar



Masika yakishaanza tu, maneno ni yale yale. Kwenye daladala, kijiweni, kwa mama ntilie: "Hawa Jiji wako wapi? Mbona hawaleti dawa ya mbu?" Nayasikia Temeke, nayasikia Kinondoni. Sasa muulize huyo huyo mlalamikaji: Jiji ni nani hasa? Nani ndani ya hilo Jiji anatakiwa kuja kuchungulia dimbwi lililoko nyuma ya choo chenu? Hapo anaanza kukuna kichwa.

Nimeamua leo nieleze hii kitu taratibu, maana naona tunalaumu bila kujua mlango wa kugonga. Kuna mfano mzuri sana uliotokea hapa hapa Dar, ila vijana wengi hawaujui kwa sababu walikuwa wadogo au hawajazaliwa. Nikiumaliza utaona kwamba ile kamati ya mtaa, ambayo hata mkutano wake hatuendi, ina mkono mkubwa kwenye malaria ya nyumbani kwenu kuliko unavyodhani.

KWANZA TUZIJUE NGAZI

Mjini, mtaa ndio ngazi ya chini kabisa. Kuna mwenyekiti na wajumbe wa kamati yake, tunawachagua kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi mmoja ulifanyika Novemba 2024. Kuna na mtendaji wa mtaa, huyo ni mwajiriwa.

Juu yake ni kata. Huko kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata hiyo ni wajumbe. Juu ya kata ni halmashauri ya manispaa: madiwani wote na kamati zao, halafu wataalamu, ikiwemo idara ya afya chini ya Mganga Mkuu wa manispaa.

Zamani juu ya manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke kulikuwa na Halmashauri ya Jiji. Hiyo ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Kabla ya hapo Kinondoni ilishamegwa ikatoka Ubungo, na Temeke ikamegwa ikatoka Kigamboni. Kwa hiyo mkazi wa Mbagala anayelaumu "Jiji" leo analaumu ofisi isiyokuwa yake. Ya kwake ni Manispaa ya Temeke. Wa Mwananyamala, yake ni Kinondoni.

Haya, sasa tuje kwenye mfano wenyewe.

MPANGO WA 2004

Dar imejaribu kupambana na mbu mara nyingi, tangu enzi za Mjerumani. Kuanzia 1988 hadi 1996 kulikuwa na mradi uliosaidiwa na Japani, Dar na Tanga, wa kupuliza dawa na kusafisha mitaro. Mradi ukaisha, wageni wakaondoka, mitaro ikarudi kuziba. Stori unaijua.

Mwaka 2004 Halmashauri ya Jiji, pamoja na manispaa zote tatu, wakaanza mpango mwingine wa kudhibiti malaria mjini, kwa kifupi uliitwa UMCP. Hela nyingi ilitoka kwa wafadhili wa nje, na watafiti walikuwemo, lakini uliendeshwa kupitia ofisi za afya za Jiji na manispaa. Ulichukua kata 15 kati ya kata 73 zilizokuwepo wakati huo, kata tano kila manispaa. Waliokaa humo walikuwa zaidi ya watu laki 6.

Wazo lilikuwa kumfuata mbu akiwa bado kiluwiluwi majini, kabla hajaota mabawa. Dawa waliyotumia inaitwa Bti. Ni bakteria aliyegunduliwa Israeli mwaka 1976. Kiluwiluwi cha mbu kikimla, utumbo wake unaharibika kinakufa. Binadamu hadhuriki, samaki hadhuriki, bata wako hadhuriki. Ni punje punje, unazirusha kwa mkono kwenye maji kama mtu anayerushia kuku mtama.

Machi 2006 dawa ikaanza kwenye kata tatu, moja kila manispaa: Buguruni kwa Ilala, Mikocheni kwa Kinondoni na Kurasini kwa Temeke. Miaka miwili iliyofuata ikaenea kwenye kata nyingine za mpango.

KWA NINI KILA WIKI?

Hapa ndipo wengi hatuelewi. Yai la mbu likitagwa leo, kwa joto letu la Dar, baada ya siku saba mpaka kumi hivi ni mbu kamili. Na Bti haikai muda mrefu kwenye maji. Kwa hiyo kila dimbwi, kila mfereji, kila shimo la matofali, kila nafasi kati ya matuta ya matembele bondeni lazima lirudiwe kila wiki. Ukiruka wiki moja, hilo dimbwi limeshakutolea mbu.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kata 15, maji yaliyotuama kwa maelfu, mengine yanakauka Jumanne na mengine yanazaliwa Alhamisi baada ya bomba kupasuka. Hakuna bwana afya mmoja wa kata anayeweza hiyo kazi. Hata wakiwa kumi hawaiwezi.

Ndiyo maana kazi ikashushwa mtaani. Mitaa ilikuwa na kamati za afya. Hizo kamati, pamoja na viongozi wa mtaa, ndizo zilizochagua watu wa kuifanya, wakazi wa kawaida kama mimi na wewe. Kila mmoja alipewa eneo lake, linalohesabiwa kwa mashina ya nyumba kumi. Jina tu ni nyumba kumi, maana kwa kweli shina moja lilikuwa na nyumba 20 hadi 100. Malipo yalikuwa shilingi 3,000 kwa siku, kiwango kile kile manispaa ilicholipa vibarua wa kufagia barabara na kuzoa taka. Buku tatu.

Ramani nazo zilichorwa na wao wenyewe. Mtu anatembea shina lake, anachora kwa mkono, halafu mchoro unalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani kuona kama kuna kipande kimesahaulika katikati ya shina na shina.

Kazi ikagawanywa kwa akili. Anayetia dawa ni mwingine, anayekagua viluwiluwi ni mwingine, ili mtu asijisahihishie mtihani wake mwenyewe. Na wengine walikaa nje usiku kucha wakihesabu mbu wanaokuja kuuma.

Jambo moja lililonifurahisha: hawakuishia kwenye mbu wa malaria. Huyo anapenda maji ya wazi yenye jua. Lakini mbu wanaotukera wengi hapa Dar ni wale wa kwenye vyoo vya shimo na makaro, ambao ndio wanaoeneza matende na mabusha. Nao waliwekewa dawa ya jamii hiyo hiyo, kila miezi mitatu. Maana mwananchi hawezi kukutambulia mbu wa malaria kwa sura. Akiendelea kuumwa usiku kucha atakwambia dawa yako feki, na kesho hakufungulii mlango.

ILIFANYA KAZI?

Ilifanya. Watafiti waliochambua takwimu za mpango huo walichapisha mwaka 2013 kwamba kwenye maeneo yaliyotiwa dawa, uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulikuwa chini kwa asilimia 21 hivi. Tusidanganyane, siyo dawa peke yake iliyopunguza malaria Dar miaka ile. Vyandarua viliongezeka, watu waliweka nyavu madirishani, na mwishoni mwa 2006 dawa mseto ikachukua nafasi ya SP hospitalini. Hiyo asilimia 21 ndiyo sehemu waliyoihesabu kuwa ya dawa ya viluwiluwi.

Kwa mama mwenye mtoto wa miaka miwili, asilimia 21 siyo hesabu ya kwenye karatasi. Ni usiku kadhaa wa homa na degedege ambao haukutokea. Ni nauli ya bajaji kwenda hospitali saa nane za usiku ambayo haikutoka mfukoni.

WALIPOKWAMA

Sasa sikiliza hii. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2009, uliwafuata nyuma hao wakaguzi wa mitaani. Wataalamu walipita kwenye maeneo yale yale wakahesabu sehemu zenye maji. Walipata 2,965. Wakaguzi walikuwa wameandika 1,963. Yaani theluthi moja ya maji hawakuyaona kabisa! Na kati ya sehemu 230 zilizokuwa na viluwiluwi vya mbu wa jamii ya malaria, wao walivigundua kwenye 29 tu.

Utasema vijana walikuwa wavivu. Subiri kwanza. Watafiti walitafuta sababu, na mbili zilizojitokeza ni hizi.

Ya kwanza, mkaguzi kutolijua eneo. Mgeni wa eneo alikosa maji mengi kuliko mwenyeji, kwa tofauti kubwa sana. Inaeleweka. Mwenyeji anajua kwamba nyuma ya ukuta wa gereji kuna tundu, kwamba nyumba ya tatu ina kisima kilichoachwa, kwamba njia ya kwenda bondeni inapita uani kwa fulani. Mgeni anapita barabarani na kuondoka.

Ya pili, uzio. Nyumba yenye ukuta au uzio, maji yake hayakuonekana kirahisi. Na Dar watu wanajenga ukuta kabla hawajapaua nyumba, kwa kuogopa wezi. Sasa fikiria kijana wa buku tatu amesimama nje ya geti na ndoo yake. Anagonga. Ndani kuna mbwa. Dada wa kazi anachungulia, anasema "Baba hayupo, tumekatazwa kufungua." Kijana afanye nini? Anaandika kwamba amepita, anaenda nyumba nyingine. Huko ndani kuna bwawa dogo la maua na tairi bovu limejaa maji ya mvua, na mbu akishapata mabawa ukuta haumhusu. Anaruka kwenda kumuuma mtoto wa jirani ambaye hana hata dirisha la wavu.

Ukiziangalia hizo sababu mbili, hakuna hata moja inayotibika kwa kununua dawa nyingi zaidi. Zote zinatibika mtaani. Kamati ikichagua mtu kwa kujuana, mpwa wa fulani anayeishi mtaa mwingine, tayari maji yatamponyoka. Ikimchagua mwenyeji, ikamtambulisha kwenye mkutano, mjumbe akapita naye siku ya kwanza nyumba kwa nyumba na kusema "mzee shikamoo, huyu ndiye kijana wetu wa mbu, mfungulieni", basi geti litafunguka. Hiyo kazi Mganga Mkuu hawezi kuifanya akiwa ofisini kwake, na Waziri ndiyo kabisa.

NA LEO?

Dawa yenyewe siku hizi siyo tatizo kama zamani. Kiwanda cha viuadudu vya viluwiluwi kilijengwa Kibaha kwa ushirikiano na Cuba, kikafunguliwa 2015. Juni 2017 Rais Magufuli alikitembelea akaagiza halmashauri zote nchini zichukue dawa hiyo. Kibaha ni hapo tu, mwendo wa daladala.

Na sababu ya kuitumia haijapungua. Mwaka 2014 na tena 2019 Dar ilipigwa na dengue, na mbu wake anazaliana kwenye makopo, matairi na ndoo za majumbani, yaani ndani ya geti. Halafu kuna mbu mwingine wa malaria kutoka Asia, Anopheles stephensi, anayependa miji na matenki ya maji. Djibouti alionekana 2012, Ethiopia 2016, na Kenya ameshagunduliwa pia. Huyu akizoea simtank zetu, lile tatizo la geti litakuwa kubwa mara mbili.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "Jiji wako wapi", mimi nashauri tuwe na maswali manne ya kwenda nayo kwenye mkutano wa mtaa:

1. Mtaa wetu una kamati ya afya? Wajumbe wake ni nani, na walikutana lini mara ya mwisho?
2. Diwani, bajeti ya manispaa ya mwaka huu ina fungu la dawa ya viluwiluwi? Kata yetu imepata lita ngapi?
3. Nani anaitia, na anakaa mtaa gani? Anarudi baada ya siku ngapi?
4. Nyumba zisizofungua zinafanywaje?

Swali la nne linatuhusu sisi zaidi ya viongozi. Kijana unayesoma hii, inawezekana kabisa wewe ndiye unayebaki nyumbani mchana wazazi wakiwa kazini. Akija mtu na ndoo, muulize kitambulisho, mpigie mjumbe uhakikishe ni wa kweli, wezi wapo. Akiwa wa kweli mfungulie, tena mpeleke mwenyewe kule nyuma ambako yeye hajui.

Wadau, huko kwenu mmeshawahi kumwona mtu wa dawa? Alirudi wiki iliyofuata, au ndiyo ilikuwa ile ya siku moja na kamera? Tuambieni na mtaa.

Naomba kutoa hoja.