Kwanza Uliza Bakteria Kalishwa Nini

Tramu namba 505 hupita katikati ya Regent Park, mtaa wa Toronto, kisha hufuata Barabara ya Dundas kuelekea magharibi. Kilomita mbili hivi mbele, hatua chache tu kutoka barabarani, kipo Kitivo cha Udaktari wa Meno cha Chuo Kikuu cha Toronto. Watafiti wa kitivo hicho, wakiwemo Yung-Hua Li na Dennis Cvitkovitch, walichapisha mwaka 2001 kazi kuhusu Streptococcus mutans, bakteria anayeozesha meno.

Walitaka kujua bakteria huyu huokota lini DNA iliyozagaa nje yake na kuifanya yake. Baadhi waliwaotesha wakielea ndani ya mchuzi. Wengine waliwaacha wagandamane kwenye vibao vya plastiki, kama wanavyogandamana kwenye ukoga wa meno. Waliogandamana walipokea DNA mara 10 hadi 600 zaidi ya wenzao waliokuwa wakielea. Hata bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto waliweza kuwaachia walio hai jeni ya usugu wa dawa. Hilo la wafu kurithisha usugu ndilo linalonisumbua zaidi, maana dawa ikishaua hatusemi tena habari za marehemu.

Basi ukiulizwa kama bakteria fulani anapokea DNA, usijibu kabla hujajua ameoteshwa wapi na kwa chakula gani. Chakula hicho, ambacho maabara hukiita midia, wengi hukidhania ni lishe tu. Kwa bakteria ni habari pia.

S. mutans hupeana ishara za kuanza kupokea DNA kwa peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Kuna ishara iitwayo CSP, na nyingine iitwayo XIP iliyotangazwa 2010. Tia CSP kwenye mchuzi mzito wa hamira na nyama iliyomeng'enywa: baadhi ya bakteria wataamka, wengine watabaki kimya ingawa wote wamo chupa moja. Tia CSP hiyo hiyo kwenye midia iliyochanganywa kwa kemikali zinazojulikana moja moja, isiyo na peptidi, na hutaona kitu. XIP ni kinyume chake. Kwenye midia safi huwaamsha karibu wote, lakini kwenye mchuzi mzito hufifia. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba XIP huingia ndani ya seli kupitia mlango unaopitisha peptidi za chakula, na mchuzi ukijaa peptidi, mlango ule huwa kama wa daladala saa kumi na mbili jioni. Asidi nayo ina neno: uwezo wa kupokea DNA huonekana vizuri pH ikiwa karibu na 7, na hushuka mchuzi ukichachuka.

Utegemezi huu wa chakula una historia ndefu. Mwaka 1944, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba kinachobeba urithi wa bakteria wa nimonia ni DNA. Kazi hiyo yote ilitegemea supu ya moyo wa ng'ombe. Wenyewe waliandika kwamba kila pishi la supu lilikuwa na tabia yake: moja linakubali mabadiliko, jingine linakataa, na hawakuweza kubashiri. Walipoichuja supu kwa mkaa, sehemu kubwa ya tofauti hizo iliondoka. Ilibidi pia waongeze seramu au majimaji yanayojikusanya kifuani au tumboni mwa wagonjwa. Bila hayo jaribio halikwenda.

Escherichia coli, anayetumiwa na maabara nyingi kubebea jeni, ana mambo yake. Kwa kawaida hapokei DNA kwa urahisi. Mwaka 1970 Mandel na Higa walionyesha kwamba kloridi ya kalisi na baridi ya barafu humlegeza. Mwaka 1983 Douglas Hanahan akaonyesha kwamba kumlisha magnesi angali anakua huongeza mavuno. Mwanafunzi anayelaumu plasmidi yake, yaani kipande cha DNA anachotaka kukiingiza, na akague mchuzi kwanza: seli zilizolala usiku kucha hadi zikamaliza chakula mara nyingi ndizo chanzo cha sahani tupu.

Kwa kijidudu cha kipindupindu, Vibrio cholerae, kanuni hiyo ya kukwepa seli zilizomaliza chakula hugeuka. Huyu huishi katika maji ya pwani na ya midomo ya mito, akijishikiza kwenye magamba ya viumbe kama kaa na kamba. Mwaka 2005 Karin Meibom, Melanie Blokesch, Gary Schoolnik na wenzao walimweka juu ya vipande vya gamba la kaa, akaanza kuokota DNA. Kinachomwamsha ni kitini, kijenzi cha gamba hilo. Lakini lazima wawe wamesongamana, na glukosi isiwepo. Ikiwepo, uwezo huzimika. Mwaka 2015 kundi la Blokesch likaongeza kwamba juu ya kitini bakteria huyu huwachoma majirani wasio ndugu zake kwa mkuki wa protini, wanapasuka, naye huchukua DNA inayomwagika.

Kwenye mchuzi wa kawaida wa maabara hayo yote hayaonekani. Kabla ya 2005, kijidudu kilichochunguzwa tangu enzi za Robert Koch, katika karne ya 19, hakikuwa kwenye orodha ya bakteria wanaopokea DNA wenyewe.