Ngomeni: Meli ya kale iliyo karibu mno na mkono wa binadamu

MTO Ndarugu, unaopita Juja karibu na Kalimoni, huungana na mto Athi. Athi nao huitwa Galana na hatimaye Sabaki, kabla ya kumwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Msimu wa kusi, tope jekundu kutoka bara husukumwa kuelekea Ngomeni, na maji yakichafuka mpiga mbizi huona kwa shida.

Mahali hapo pana mabaki ya meli ya Wareno yaliyotambuliwa mwaka 2013, katika kina cha takriban mita 6, kiasi cha mita 500 kutoka ufuoni. Vipande vya shaba na pembe za ndovu vimepatikana humo, pamoja na mbao za ubavu wa meli chini ya mchanga.

Mwaka 2024, wanaakiolojia Caesar Bita wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Filipe Castro wa Ureno walieleza kwamba huenda hiyo ni São Jorge. Meli hiyo ilizama mwaka 1524 ikiwa katika msafara wa mwisho wa Vasco da Gama kwenda India. Hata hivyo, hilo halijathibitishwa.

Kina kifupi kina manufaa. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa tuivutayo juu ya nchi. Katika mita 6, hewa ya mtungi haiishi upesi, hivyo mtafiti hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Lakini ubora huo ndio hatari yake. Mawimbi huitikisa meli, nanga na nyavu huweza kuikwaruza, na mwizi haihitaji zana nyingi kuifikia. Kifaa kikiondolewa mahali pake bila kupimwa na kuchorwa, habari iliyokuwa nacho hupotea. Ubao uliolowa kwa karne tano nao hupasuka ukikaushwa ovyo.

Ndiyo sababu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1697, ilifukuliwa kati ya 1977 na 1980, vifaa vyake vikapelekwa makavazini, na mbao za meli zikafukiwa tena. Mchanga huwanyima hewa wadudu walao mbao.

Kwa Ngomeni, mlinzi wa kwanza ni mvuvi wa hapo. Asipofaidika na meli hiyo ikiwa mahali pake, itakuwa vigumu kumwomba ailinde.