Kutafuta Mahame ya Buha

Wajukuu, mkipita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo mtaona nyumba zimejipanga kando ya njia. Msidhani wazee walikaa hivyo tangu zamani. Waha walijenga mbalimbali, kila mji na shamba lake. Miaka ya 1930, malale yalipokuwa yakiua watu, Waingereza waliwatoa wengi kwenye mapori ya mbung'o wakawakusanya pamoja. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Watu wakahama, nyumba zikaanguka, pori likafunika mahame.

Sasa mnataka kujua babu wa babu yenu alilala wapi. Anzeni na ramani.

Wajerumani walichora koloni lao kwa kipimo cha 1:300,000. Ramani ile inapendeza macho, lakini milimita moja ni mita 300. Ukiweka kidole juu yake umefunika vilima kadhaa. Mimi nawashauri ile ya 1:50,000 iliyochorwa kutokana na picha za ndege. Humo milimita moja ni mita 50, na vidoti vyeusi ni nyumba. Someni pembezoni picha zilipigwa lini. Zikiwa za kabla ya watu kuhamishwa, mna bahati.

Ipigeni skani, muifungue kwenye programu ya bure kama QGIS, kisha muifunge kwenye ardhi kwa alama zisizohama: mito miwili inapokutana, kilele cha kilima, kanisa la zamani. Barabara msiziamini, nazo huhama.

Hapa ndipo wengi hupotea, basi sikilizeni vizuri. Dunia si tufe kamili, na kila kizazi cha wapimaji kimekuwa na kadirio lake la umbo la dunia. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilitumia kadirio liitwalo Arc 1960. GPS ya simu hutumia WGS84. Namba zilezile, mahali tofauti! Mkisoma latitudo na longitudo kwenye karatasi mkaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, huku kwetu mtafikishwa karibu mita 300 kaskazini ya nyumba mnayoitafuta. Mtazunguka kutwa nzima mkimlaumu mchora ramani, naye hana kosa. Iambieni programu kuwa karatasi ni ya Arc 1960, nayo itageuza yenyewe.

Hata hivyo, kidoti kitawafikisha karibu tu. Mkifika, zimeni simu kidogo mtazame chini. Minyaa iliyosimama mstari mmoja katikati ya pori haikujiotesha. Ule ulikuwa ua. Tafuteni vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililolika katikati, mafiga, udongo mweusi wa majivu. Mwembe mkubwa peke yake nao una habari zake.

Shamba likiwa na mwenyewe, bisheni hodi kwanza. Msichimbe wala msibebe kitu. Vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964. Pigeni picha, mwonyesheni mzee aliyezaliwa upande ule, maana ramani haitaji jina la mwenye mji. Akiwatajia, liandikeni pamoja na namba za GPS, na kando yake muandike WGS84, ili mwenzenu atakayefuata asiangukie mita 300 zilezile.