Ulinganifu wa kristali na njia za mwangaza

Watu wa Lubumbashi wanajua malakiti, jiwe la kijani linalochongwa na kuuzwa mujini. Kalsiti haina sifa kama hiyo, hata ile ya Musonoi, karibu na Kolwezi, yenye rangi ya waridi kwa sababu ya kobalti. Lakini tutwae kalsiti safi isiyo na rangi, tuiweke juu ya ukurasa: kila musitari unaonekana mara mbili. Erasmus Bartholin aliandika habari ya ajabu hii mwaka 1669, akitumia kalsiti ya Islandi.

Sababu yake ni ulinganifu. Kristali ina ulinganifu kama tunaweza kuigeuza, na kiisha kuigeuza atomu zake zinaonekana zimepangwa sawa na mbele. Almasi, kama ile ya Mbuji-Mayi, imepangwa kwa mufano wa kasha lenye pande sita sawasawa. Kwa hiyo mwendo wa mwangaza ndani yake ni mumoja kwa kila upande. Kalsiti ina musitari mumoja wa pekee katikati yake. Mwangaza ukifuata musitari ule, unabaki mumoja; ukipita kwa upande mwingine, unagawanyika miali miwili, kila mumoja na mwendo wake.

Jambo hili lina faida, maana kuna watu wanaouza kwarzi kwa jina la almasi. Tuweke jiwe katikati ya filmu mbili za polaroidi, zilizopishana hata mwangaza usipite. Almasi itabaki karibu giza tupu. Kwarzi tukiigeuzageuza itangaa, itazimika, itangaa tena. Tuangalie lakini: kioo cha chupa nacho kinabaki giza, kwa kuwa atomu zake hazina mpango, na hivyo pande zote ni sawa. Giza peke yake si ushuhuda wa almasi.

Kwarzi ina upungufu mumoja wenye faida. Katika kalsiti kuna nukta ya katikati: kila atomu ina mwenzake upande wa pili, mbali kwa kipimo kilekile. Kwarzi haina. Mwaka 1961, huko Michigan, Marekani, Peter Franken na wenzake walipitisha leza nyekundu ya nanometa 694.3 ndani ya kwarzi, na mwangaza kidogo ukatoka na nanometa 347.2, ndiyo nusu, usioonekana kwa macho. Ndani ya kalsiti, musukumo wa kuume na wa kushoto unajibiwa sawasawa, na tendo hilo linafutika. (Alama ya mwangaza ule katika picha yao ilikuwa ndogo hata watengenezaji wa gazeti wakaifuta, wakifikiri ni uchafu.) Kalamu nyingi za leza ya kijani zinafanya kazi vilevile: ndani yake kuna kristali isiyo na nukta ya katikati, inayogeuza nanometa 1064 kuwa 532.